Kufuata njia za harufu za nyuki bambi madume: mradi umefikia hapa

Apdeti ya Julai wadau. Huku Kent, Uingereza, madume wa nyuki bambi (wale nyuki wanene wenye manyoya, bumblebee) wametoka kwa wingi sasa hivi, kwa hiyo kazi imenoga.

Kwa aliyejiunga leo, nafuatilia jinsi dume na malkia wanavyotafutana kwa harufu. Dume akishatoka kwenye kiota ndio basi harudi, hana mwiba, habebi chavua, kazi iliyobaki ni kumpata malkia mpya. Asubuhi anapita sehemu zake, ukingo wa jani, shina, kijiti, anang'ata-ng'ata pale na kupaka majimaji yanayotoka kwenye tezi ya kichwani, na mdomoni ana vinyweleo vinavyofanya kazi ya brashi kabisa. Afu mchana kutwa anazunguka njia ile ile, inaweza kufika mita mia kadhaa, kila kituo ananing'inia hewani sekunde moja mbili anaondoka. Na njia sio ya dume mmoja, wanapita wengi humo humo.

Charles Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi, aliyaona haya bustanini kwake Down House, hapa hapa Kent, kuanzia 1854. Aliwapanga wanawe kila mmoja na kituo chake, nyuki akipita mtoto anapaza sauti, na aliwanyunyizia nyuki unga ili awatambue. Mbinu ya unga naitumia mpaka leo, wa ngano, kidogo sana mgongoni, na inafanya kazi vizuri mno. Ila kwanini wanasimama sehemu zile zile hakuwahi kujua, habari ya harufu ilikuja karne iliyofuata.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kila spishi ina harufu yake na kimo chake. Bombus hortorum, ambaye ndiye ninayemfuatilia, anapita chini kabisa usawa wa magoti kwenye mizizi ya miti na chini ya uzio wa vichaka, wakati Bombus lapidarius yuko juu kwenye vilele vya miti. Dume wa lapidarius anapaka zaidi heksadesenoli, wa Bombus terrestris anapaka dihidrofanesoli, hizo ni kemikali za harufu. Na kuna Bombus wengine watatu, lucorum, cryptarum na magnus, ambao kwa macho hata mtaalamu wanamsumbua kuwatofautisha lakini harufu za madume wao ni mbalimbali, yaani malkia anajua kitu ambacho sisi tunahitaji mashine ya maabara kukijua. Malkia naye ana harufu yake, dume akimfikia anaihakiki kwanza kabla ya kumpanda. Kwa terrestris dume akimaliza anaacha kizibo ndani ya malkia, kina asidi ya linoleiki (aina ya asidi ya mafuta), na malkia akishapata hicho hamu ya dume mwingine inaisha.

Sasa kituo changu kikuu ni tundu kati ya mizizi miwili ya mwaloni, kuna mmea wa kutambaa umelifunika nusu. Jani moja pale ukilitazama kwa lenzi ukingo wake una alama ndogo za meno. Nililikata na kikonyo chake nikalifunga kwenye kijiti hatua moja pembeni, nikakaa mbali kidogo. Dume mwenye unga akaja, akaenda tundu la zamani kama kawaida, akageuka, akalifuata lile jani na kuning'inia mbele yake, wa pili naye vile vile! Nilifurahi sana jamani. Ina maana harufu inawavuta lakini na sehemu yenyewe wanaikumbuka, vyote viwili vinaenda pamoja.

Mvua ikinyesha usiku, kesho yake asubuhi wanapaka upya karibu kila kituo, huo ndio wakati mzuri wa kuwaona waking'ata.

Kupandana bado sijakuona, hata watafiti wengi huwa hawabahatiki kukuona porini.

Kinachofuata ni kufunga jani ambalo halijapakwa kitu kwenye kijiti kile kile, tuone kama watalijali au watalipita tu. Nasubiri siku kavu isiyo na upepo.