Shule ya Kimataifa Inampa Mtoto Nini Hasa?

Wazazi wanaoniuliza kuhusu shule za kimataifa huanza na ada, wala siwashangai, kwa sababu katika shule kubwa ada hutajwa kwa dola na ya mwaka mmoja huweza kuzidi mshahara wa mwalimu wa serikali wa miaka kadhaa. Swali linalopaswa kutangulia huulizwa mara chache: kwa fedha hizo, mtoto anafundishwa nini ambacho asingefundishwa kwingine?

Nitajibu kwa kuziangalia zile tu zinazofuata mitaala ya International Baccalaureate, maarufu kama IB, taasisi iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Hapa Tanzania zinazojulikana zaidi ni International School of Tanganyika ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1963, na UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha, ambayo ilianza mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC na kujiunga na UWC (United World Colleges), mtandao wa shule za kimataifa, mwaka 2019. Shule nyingine nyingi zimeandika neno "International" getini bila kuwa na ithibati ya IB wala ya Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, kwa hiyo mzazi asione haya kuomba kuonyeshwa barua ya ithibati kabla ya kulipa hata fedha ya fomu.

Katika shule ya msingi, tofauti inaonekana mapema. Masomo hayakugawanywa kama tulivyozoea, bali hupangwa chini ya mada kuu sita zinazorudi kila mwaka kwa sura mpya, mojawapo ikihusu namna jamii inavyojipanga. Darasa la watoto wa miaka minane linaweza kutumia wiki sita kufuatilia samaki kutoka soko la Feri hadi mezani, na ndani ya safari hiyo wakajifunza kupima uzito, kuchora ramani, kuandika mahojiano na kukokotoa faida ya mchuuzi. Hakuna mtihani wa taifa unaowasubiri mwishoni. Mwaka wa mwisho wanafunzi huchagua tatizo, hulichunguza kwa majuma kadhaa, kisha hulieleza mbele ya wazazi katika maonyesho. Mzazi aliyezoea kuuliza "umekuwa wa ngapi?" hupata shida, maana swali hilo halina jibu pale.

Miaka ya kati ya sekondari nitaipita haraka, kwa kuwa uzito uko kwenye Diploma ya miaka miwili ya mwisho, inayolingana na kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi wetu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hujifungia katika masomo matatu ya tahasusi yake pamoja na masomo machache ya ziada, lakini mwenzake wa Diploma husoma sita, matatu kwa ngazi ya juu, na hata akitaka udaktari hawezi kukwepa lugha mbili, hisabati na somo la jamii. Kila somo lina alama 1 hadi 7, na alama nyingine tatu hutokana na Nadharia ya Maarifa, somo linalohoji jinsi tunavyojua tunachokijua, pamoja na insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, hivyo jumla ya juu kabisa ni 45. Kwa mtoto ambaye tayari anajua anachokitaka, nadhani upana huo unaweza kuwa mzigo, na si kila mtoto anauhitaji.

Hata hivyo, insha hiyo ya utafiti ndiyo kitu ambacho ningekihamishia katika kila shule ya sekondari nchini kama ningekuwa na uwezo. Mpwa wangu aliiandika katika kemia, akapima floraidi kwenye maji ya kisima cha kijiji kilicho chini ya Mlima Meru, kabla na baada ya kuyapitisha kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Wenyeji wa upande huo wanajua kuwa meno ya kahawia yanatokana na floraidi iliyozidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kilichonivutia zaidi katika insha yake ni ukurasa unaohusu kipimo kimoja kilichokwenda kombo, kwa sababu msimamizi wake alikataa kifutwe na kumtaka aeleze kwa maandishi ni nini huenda kilisababisha.

Nje ya darasa, Diploma inadai ushahidi wa ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Wanafunzi wa UWC East Africa kule Moshi wana bahati ya jirani yao, mlima: safari huanza na vilima vya karibu na milima ya Upare, hadi Kilimanjaro yenyewe yenye mita 5,895. Hilo linaendana na fikra za Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani ambaye mawazo yake yalizaa UWC, na chuo chake cha kwanza kilifunguliwa Wales mwaka 1962.

Lalamiko langu ni juu ya Kiswahili. IB inakitahini katika Diploma, na Cambridge inacho katika IGCSE, mtihani wake wa sekondari kabla ya ngazi ya kidato cha tano, kwa hiyo kisingizio cha mtaala hakipo. Lakini katika shule moja niliyoitembelea, watoto wa Kitanzania waliwekwa kundi moja na wageni waliofika juzi, wakafundishwa kusalimiana na kuhesabu hadi ishirini. Mzazi aulize kama kuna darasa la fasihi ya Kiswahili kwa wanaokizungumza nyumbani, na nani anayelifundisha.

Aulize pia kuhusu vyeti mapema. Anayetaka mwanawe arudi kusoma chuo kikuu cha hapa nyumbani atalazimika kuvipeleka NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, vifanyiwe ulinganisho kabla ya maombi ya chuo, na mchanganyiko wa masomo sita uliochaguliwa bila kuangalia sifa za kozi unaweza kumfungia mlango ambao alama zake zingeufungua.