Akina Mama wa Vita vya Luwero

Kila Januari 26, siku ambayo Uganda hukumbuka waasi wa NRA walivyotwaa madaraka, inapowadia na mashujaa wa 1986 kuanza kutajwa redioni, mimi husikitika kusikia wanawake waliokuwa nao katika misitu ya Luwero wakitajwa kwa haraka, kana kwamba walikwenda huko kupika tu. Walipika kweli, na waliuguza majeruhi; lakini wengine walipita kwenye vizuizi vya barabarani wakiwa wamebeba dawa na ujumbe, na wengine walishika bunduki. Proscovia Nalweyiso, aliyejiunga na NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, katika vita hivyo vilivyoanza Februari 1981, aliongoza askari wanawake, na mwaka 2011 akapandishwa cheo kuwa brigedia, mwanamke wa kwanza nchini kufikia ngazi hiyo. Mbele yake hata wanaume wenye nyota begani hupiga saluti na kumwita afande. Kaskazini, Alice Lakwena, kiongozi wa kidini aliyeipinga serikali ya Museveni (historia chungu, nami siitukuzi), aliongoza maelfu ya wapiganaji waliopakwa mafuta ya shea wakiamini risasi hazitawapenya, hadi jeshi lake liliposambaratishwa karibu na Jinja mwaka 1987. Natamani akina mama wa Luwero waliosalia wahojiwe sasa, kwa majina yao, wangali hai.