Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye wa ile nyumba ya taa za zambarau

Saa 11 na nusu alfajiri. Nimeshaswali, mtoto bado kalala ubavuni mwa nyanyake, nami nimesimama Majengo nasubiri matatu ya kuvuka Daraja la Nyali. Nikishuka Kisauni nachukua tuktuk. Dereva akishasikia nashukia wapi hugeuza shingo, na wa leo aligeuza vilevile.

"Dadangu, samahani nikuulize. Ile nyumba inayowaka zambarau usiku kucha, ni kweli ndani mwapanda bangi?"

Swali hili nimeulizwa na madereva, na muuza mahamri, na hata mashemeji zangu harusini. Mwaka jana walikuja askari wawili, nikawafungulia vyumba vyote vitatu, wakazunguka na kurunzi zao, wakanusa mrehani, wakaenda zao. Dereva namjibu kama ninavyowajibu wote: ni letusi, mrehani na roketi, mboga za hoteli. Bangi Kenya ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1994, na mimi nina mtoto wa kulea. Tena mtu akijua kupima ataona tofauti mara moja. Kule Kanada, ambako bangi iliruhusiwa mwaka 2018, wakulima wa ndani huipa nuru ya mikromoli 600 hadi 1,000 mimea ikiwa kwenye maua. Letusi yangu ukiipa hiyo utaichoma. Mimi naipa 220.

Nieleze hiyo namba, kwa sababu ndiyo kazi yangu yote. Mikromoli ni kipimo cha chembe za nuru zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde moja, ile nuru ambayo mmea unaweza kuila. Jua la saa sita mchana hapa Mombasa hukaribia 2,000. Watu huniuliza, sasa jua lote hili, taa za nini? Jaribu kupanda letusi nje Kisauni mwezi wa tatu. Itarefuka, itatoa maua kabla haijafunga, na jani litakuwa chungu. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Ndiyo maana saladi nyingi zinazoliwa hoteli za Pwani hutoka bara, kilomita mia nne na zaidi ndani ya lori, zikifika zimelegea. Sisi tunavuna asubuhi, na mchana iko mezani.

Saa 12 asubuhi nafungua mlango. Joto la ndani nyuzi 24, nje tayari 27. Taa zetu tunaziwasha usiku, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 asubuhi, saa 16 kamili, kwa sababu usiku hewa imepoa na feni hazihangaiki. Kwa hiyo mtaa mzima hutuona. Chumba cha kwanza kina taa za zamani za nyekundu na buluu, ndizo zambarau yenyewe. Mmea hutumia rangi hizo mbili sana, na jicho la binadamu likizichanganya huona hivyo.

Natoa mita yangu, kijiti chenye kichwa cheupe kama kifungo, naanza rafu ya kwanza. Kila rafu napima sehemu tisa, usawa wa majani, sio usawa wa trei. Katikati nasoma 258, pembeni 170, kwenye kona moja 149. Wastani unakuja 219. Naandika kwenye daftari. Trei za pembeni nazihamishia katikati ili zote zile sawasawa. Miche ya siku sita iko rafu ya chini, nayo naipa 120 tu. Kuna vijana hupima kwa programu ya simu, lakini simu hupima mwanga kwa jicho la mtu. Chini ya taa ya zambarau itakwambia kuna giza, nawe utaongeza mpaka uue mimea.

Mikromoli 220 kila sekunde kwa saa 16 ni moli 12.7 kwa siku, na moli moja ni mikromoli milioni moja. Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, waliofanya kazi kubwa sana na letusi ya ndani, wao huenda hadi 17, lakini wana feni zinazopuliza kutoka juu moja kwa moja kwenye moyo wa mmea. Sisi feni zetu ni za pembeni. Nilimwambia bosi hivyo mwaka jana, na mwaka huu pia.

Kuvuna, kuosha, kufunga, boda kuondoka saa 3 na makreti. Saa 4 taa zikazimika. Kawaida hapo narudi nyumbani nilale kwa muda wa saa mbili.

Saa 5 simu ikaita. Mpishi mkuu wa hoteli moja ya ufukweni, mteja wetu mkubwa. "Dada, njoo uchukue takataka zako."

Nikaenda. Nikawekwa mlango wa nyuma, pale mizigo inapopokelewa, kati ya mapipa ya mafuta yaliyotumika na jokofu lililoharibika. Hakuna kiti. Mlinzi akaniambia mpishi anakuja sasa hivi. Nilikaa pale saa nzima na robo. Lori la samaki likaja, likashusha, likaondoka. Wa mikate akaja, akatia saini, akaondoka. Niliomba maji nikaletewa, namshukuru yule kijana wa kuosha vyombo. Kila nilipouliza niliambiwa sasa hivi.

Alipotoka alikuwa na letusi moja mkononi. Kwa nje nzuri, kubwa kuliko kawaida yetu. Akaipasua mbele yangu. Majani madogo ya ndani, yale laini ya moyoni, yalikuwa na kingo za kahawia, kama kitambaa kilichopitiwa na pasi ya moto.

"Hii ni dawa. Mmetia dawa gani?"

"Hatutii dawa, mpishi."

"Basi ni kuoza. Mmenipa za wiki iliyopita."

"Zimevunwa leo saa 1 na nusu. Shina bado linatoa maziwa, tazama." Nikamvunjia shina. Utomvu mweupe ukatoka.

"Mimi nina bufee ya watu mia mbili. Sina haja ya maziwa."

Nikajua nini kimetokea kabla hajamaliza. Siku kumi nyuma nilikwenda Kilifi matangani, siku nne. Niliporudi nilikuta dima ya rafu ya tatu, kile kitufe cha kuongeza na kupunguza nuru, imesogezwa. Nilipima nikapata 320. Hiyo ni zaidi ya moli 18 kwa siku. Bosi alikuwa ameongeza kwa sababu mpishi huyuhuyu alitaka letusi kubwa zaidi. Niliirudisha siku ileile, lakini siku nne zilishapita.

Nuru nyingi huufanya mmea ukimbie kukua. Jani changa likikua linahitaji kalsiamu, na kalsiamu hupanda na maji, na maji hupanda pale jani linapotoa mvuke. Majani ya nje yanatoa mvuke, ya ndani yamefungana, hewa haifiki. Ongeza unyevu wetu wa Pwani, ambao hata nguo haikauki vizuri, na moyo wa letusi unabaki na njaa ya kalsiamu huku ukilazimishwa kukua. Kingo zinakufa. Kwa nje huoni kitu. Mimi mwenyewe asubuhi sikuona, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nilipaswa kupasua angalau mbili za rafu ile.

Nikampigia bosi nikiwa palepale. Akasema, "Mwambie ni joto la njiani."

Nilishika simu, sikujibu. Mpishi ananitazama. Miaka mitatu naandika namba kwenye daftari, kila asubuhi na kila jioni, ili siku kama hii mtu asiseme neno lolote linalomjia. Nikakata simu nikamwambia mpishi ukweli: nuru ilizidishwa siku nne nilipokuwa sipo, ladha haijaharibika, majani ya nje ni salama, ya ndani ayatoe. Trei za rafu ya kwanza na ya pili ziko sawa, nitamletea kesho letusi 48 badala ya hizi bila malipo.

Akauliza, "Wewe mwanamke unayajua yote hayo?"

Nikamwambia ndiyo.

Akazichukua nusu, nusu nikarudi nazo kwenye tuktuk, kreti mapajani, jua la saa saba linachoma goti langu la kulia njia nzima. Nusu hizo niligawa: mama mwenye nyumba, muuza viazi karai wa pale kona, na nyingine nikambebea mama.

Mchana wote uliobaki ulikuwa wa kazi za mikono. Nilipangusa vumbi kwenye taa, nikasugua viungo vya waya, maana hewa ya bahari huvila vikashika kutu ya kijani, na kiungo kikilegea taa hupoteza nguvu bila kukwambia. Miguu ilikuwa imeshaanza kuuma. Sikumbuki nilikula nini, nadhani mbaazi.

Jioni taa zikawaka. Nikaanza kupima tena, nikafika chumba cha pili, stima ikapotea.

Giza la ghafla ndani ya chumba kisicho na dirisha ni zito. Feni zikanyamaza kwanza, halafu pampu ya maji, na baada ya dakika chache unaanza kusikia joto likipanda. Nikafungua milango yote. Betri tuliyonayo hubeba pampu na feni mbili, taa haiziwezi. Nikakaa kizingitini na kurunzi ya simu. Mama akapiga, mtoto analia ananitaka. Nikamwimbia kwenye simu mpaka akanyamaza. Mama mwenye nyumba akaniletea kahawa, akaketi nami, akasema mwanangu wewe utaumwa. Bosi naye akatuma ujumbe: stima ikirudi, ongeza nguvu ili kufidia.

Hapana. Saa tatu za giza ni kama moli 2.4 zimepotea. Ukitaka kuzirudisha, ongeza saa, usiongeze nguvu. Mmea mpana majani hauna tatizo kula polepole kwa muda mrefu zaidi, shida ni kushindiliwa. Kesho nitaacha taa hadi saa 6 mchana badala ya saa 4, maana kuzidi hapo joto la mchana litakuwa kali, na saa moja iliyobaki nitaisamehe. Usiku mmoja haumuui letusi.

Stima ilirudi inakaribia saa 4 usiku. Nilikwenda moja kwa moja rafu ya tatu. Sehemu tisa, moja baada ya nyingine, mkono ukitetemeka kidogo kwa uchovu. Wastani 221. Nikachukua plasta nyeupe nikaifunga ile dima kuizunguka mara tatu, nikaandika kwa kalamu nene: 220. USIGUSE. Nikapiga picha, nikamtumia bosi, chini yake nikaandika bei ya feni mbili za juu.

Akajibu nikiwa tayari nafunga mlango: "Leta risiti."