Huyu mama amejibu kabla hajaulizwa

Wiki hii nimesoma barua moja mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, kwa pupa, kama ninavyosoma kila barua inayohusu jarida letu dogo la hadithi za kisayansi. Mara ya pili nikakaa. Ya tatu, toleo la tano lilikuwa wazi mapajani na kalamu mkononi. Nilipoisoma mara ya nne nilikuwa nimeshakubali kwamba aliyeiandika ana haki, na kwamba kosa analolilalamikia si la mwandishi wa hadithi. Ni langu mimi mhariri.

Toleo la tano lilitoka wiki sita zilizopita: kurasa 28, nakala 60, zote tumezikunja na kuzibana pini kwa mkono, mimi na mchoraji wetu, mpaka vidole vikauma. Lina hadithi nne za kubuni za kisayansi, uhakiki mmoja, shairi moja, na safu ya barua ambayo safari hii ilikuwa nusu ukurasa tu, kwa kuwa toleo la nne liliwafanya watu wawili pekee washike kalamu. Nakala zikishaondoka, huna tena la kufanya ila kusubiri. Ambaye hajawahi kutoa jarida dogo la mashabiki atadhani kazi ngumu ni kuandika na kuchapa. Kwangu ngumu ni zile wiki mbili tatu za mwanzo, ambapo hujui kama kuna aliyefungua hata ukurasa wa kwanza.

Basi safari hii zimekuja barua 7, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mbili ni za mstari mmoja: hongereni, kazi nzuri, endeleeni hivyo hivyo. Nawashukuru kwa moyo wote, ingawa sifa ya namna hiyo hainiambii msomaji alisoma nini, wala alichoka wapi. Mmoja ameomba herufi ziwe kubwa zaidi, na zitakuwa kubwa. Mwingine ameandika kuhusu picha ya jalada tu. Mchoraji wetu alichora mwezi mchanga, hilali nyembamba, na katikati ya pembe zake akaweka nyota. Msomaji anasema, kwa upole kabisa, kwamba ile sehemu yenye giza si tundu. Mwezi upo pale mzima, ila upande ule tunauona bila mwanga wa jua, na nyota iliyo nyuma yake haiwezi kupenya ikaonekana. Nimeitazama picha hiyo mara mia na sikuliona hilo. Mchoraji aliiomba barua, akakaa nayo siku mbili, kisha akanitumia rasimu nyingine: mwezi umebaki ulivyokuwa, nyota imesogezwa nje ya pembe kwa upana wa kidole. Picha imekuwa nzuri zaidi, sijui kwa nini.

Sasa hii barua ya saba. Inaanza hivi:

“Ndugu Mhariri, hadithi ya nahodha na mama yake imenishika hadi ukurasa wa 14. Hapo ikaniachia. Chombo kinakaribia Mirihi. Nahodha anamuuliza mama yake kama bado anaumwa, na mama anajibu mstari unaofuata, kana kwamba yuko chumba cha pili. Mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa nuru, na zaidi ya hapo hayaendi. Mirihi ikiwa karibu nasi kabisa, ujumbe huchukua kama dakika 3 kufika. Ikiwa mbali kabisa, upande wa pili wa jua, huchukua kama dakika 22. Na ukurasa wa 11 mwandishi mwenyewe ametuambia kwamba umbali ni kilomita milioni 216. Gawanya. Huyu mama amejibu kabla hajaulizwa.”

Nikagawanya, pembeni mwa ukurasa, kwa penseli. Nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani milioni 18 kwa dakika. Milioni 216 kwa milioni 18 ni 12. Dakika 12 swali liende, dakika 12 jibu lirudi. Jumla 24.

Kilichonichoma ni kwamba hesabu hiyo mwandishi aliifanya. Ndiyo maana ile milioni 216 ilikuwepo. Katika mswada alioniletea, kati ya swali na jibu kulikuwa na mistari 15. Nahodha anauliza, halafu anakaza skrubu ambayo haijalegea. Anafuta kioo cha kipimo kwa mkono wa shati. Anajiuliza kama sauti yake ilitetemeka, na anakumbuka kwamba hata kama ilitetemeka, mama hajaisikia bado, bado iko njiani. Mimi nikaikata mistari yote 15. Pembeni niliandika neno moja: “inachelewesha”. Bado ninao mswada, na neno lenyewe liko pale kwa mwandiko wangu.

Mwandishi ni kijana, na hii ndiyo hadithi yake ya kwanza kuchapishwa popote. Nilipomwonyesha nilipokata alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Wewe ndiye unayejua, dada.” Nami nikaamini kwamba najua.

Desturi hii ya wasomaji kuwabana wahariri ni ya zamani kuliko majarida yetu. Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories kule Marekani, Aprili 1926, hadithi za kisayansi zilipata kwa mara ya kwanza jarida la Kiingereza lililokuwa lao peke yao. Likaja kuwa na safu ya barua, na barua zilichapwa pamoja na anwani kamili za walioziandika. Jambo dogo, lakini ndilo lililoanzisha yote. Wasomaji waliokuwa wakibishana kuhusu roketi na mvutano wa sayari katika kurasa zile wakaanza kuandikiana moja kwa moja, wakaunda vyama, na mwaka 1930 chama kimoja cha kuandikiana barua kikatoa The Comet, ambalo wengi hulihesabu kuwa jarida la kwanza la mashabiki wa fani hii. Hata neno fanzini, yaani jarida la mashabiki, lililobuniwa na Russ Chauvenet mwaka 1940, lilikuja baada ya majarida hayo kuwa yameshazoeleka. Nayasema haya kwa kila mchangiaji mpya anayedhani safu ya barua ni pambo la mwisho wa jarida. Barua zilitangulia, majarida yetu yakafuata.

Na kwa muda mrefu barua ndiyo ilikuwa malipo. Majarida mengi ya mashabiki hayakutegemea kuuzwa. Ulilipata toleo lijalo kwa kuandika maoni yako kuhusu lililopita, au kwa kuchangia hadithi au mchoro, au kwa kubadilishana na jarida lako mwenyewe. Nasi tunafuata utaratibu huohuo. Ukituandikia, nakala inakuja. Kuna watu waliojenga maisha yao yote ya ushabiki juu ya barua tu. Harry Warner Jr., mwandishi wa habari wa mji wa Hagerstown, Maryland, alituma barua za maoni kwa idadi isiyohesabika ya majarida madogo, kwa miongo mingi, karibu hadi alipofariki mwaka 2003. Alipewa tuzo ya Hugo, tuzo ya fani hii ya hadithi za kisayansi, kama mwandishi bora shabiki mara mbili, 1969 na 1972. Huwa najiuliza wahariri wangapi waliokuwa wamechoka, wanaotaka kuacha, walifungua bahasha yake wakaona mtu amesoma kila ukurasa, wakaendelea.

Wahariri wa enzi zile walikuwa na jambo jingine ninalolionea wivu. Walichapa barua za wasomaji neno kwa neno juu ya stenseli, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kwa taipureta, kabla ya kuzidurufu. Huwezi kuchapa barua ya mtu neno kwa neno ukabaki hujaisoma. Mimi nami huzichapa upya, hata zile zilizokuja kwa barua pepe, ambazo ningeweza kuzinakili mara moja. Mchoraji ananiambia napoteza muda. Lakini ni katika kuichapa barua hii ndipo nilipoiona sentensi ambayo macho yalikuwa yameiruka mara zote nne: “Nilitaka kusubiri pamoja naye.” Hakuwa anasahihisha fizikia tu. Alikuwa ananiambia kuna kitu alikihitaji katika hadithi, akakikuta hakipo, na kitu chenyewe kilikuwa mezani kwangu.

Niandike na hili, maana nisipoliandika leo nitalikwepa. Toleo la tatu nilipata barua kali. Msomaji aliuchambua uhakiki wangu aya kwa aya, na aya moja ilikuwa na ukweli ulioniuma. Nikaichapisha barua bila aya hiyo. Katika mengi ya majarida haya mhariri huweka majibu yake katikati ya barua ya msomaji, ndani ya mabano mawili mawili, ili ijulikane nani anasema. Nami niliyatumia vizuri mabano hayo, nikamjibu alipokuwa dhaifu, na pale alipokuwa na nguvu nikamkata. Hakuandika tena, wala simlaumu. Juzi nilimtumia toleo la tano na karatasi ndogo ndani yake, nikamwambia aya ile ninayo, na kwamba akiruhusu nitaichapisha. Bado hajajibu.

Kwa hiyo hii barua ya saba itatoka nzima. Hapatakuwa na mabano ndani yake. Jibu langu litakuja chini, fupi, na litasema kwamba hesabu ya mwandishi ilikuwa sahihi, mistari 15 ilikatwa na mhariri, na hii hapa.

Nilimpigia mwandishi kumweleza. Nilidhani atakasirika, na ningemwelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kwani kuna mtu aliisoma hadi ukurasa wa 14?” Nikamsomea barua yote. Akaniomba nirudie pale pa kusubiri pamoja naye. Kesho yake akanitumia mistari ile, ila sasa imekuwa 22. Ameongeza kitu ambacho hakikuwepo: nahodha anashindwa kuvumilia, na dakika ya 20 anatuma ujumbe wa pili, kuhusu jambo jingine kabisa, la chakula cha chomboni, ili tu asikae kimya. Halafu linaingia jibu la mama kwa swali la kwanza, zito, la kuumiza, na nahodha anajua kwamba wakati huu maneno yake kuhusu chakula bado yanasafiri kumwendea mama, na hana njia ya kuyarudisha. Nilipofika hapo niliiweka karatasi chini. Kama nisingekata, na kama msomaji yule asingelalamika, kipande hiki kisingekuwepo. Sisemi hivyo kujitetea. Ni hivyo ilivyotokea.

Jana usiku niliweka saa mezani, nikazima simu, nikauliza swali kwa sauti chumbani peke yangu, kisha nikakaa kimya dakika 24. Nilitaka kujua nilichokikata kina urefu gani. Dakika ya 4 nilinyoosha karatasi zilizokwisha kunyooka. Dakika ya 9 nilikuwa nimeshasahau maneno halisi ya swali langu, nimebaki na maana yake tu. Kufikia ya 15 nilianza kujibu mwenyewe, kwa niaba ya mtu ambaye hakuwepo, na majibu yote niliyomtungia yalikuwa mabaya. Ilipotimia 24 nilikuwa nimechoka kana kwamba nimetembea.

Kuna tatizo la nafasi. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo jarida letu huongezeka kwa nne nne. Ukurasa mmoja peke yake haupatikani. Toleo la sita lilikuwa limejaa. Barua hii inachukua ukurasa mmoja na nusu, mistari 22 karibu ukurasa mzima, jibu langu robo. Barua nyingine nazo lazima ziingie, na orodha ya wote walioandika, hata wale wa mstari mmoja, majina yao yote. Nimepanga na kupangua jioni nzima. Shairi siligusi. Hadithi tatu zina watu wanaozisubiri. Tahariri yangu ilikuwa kurasa tatu, kuhusu mustakabali wa fani, niliihangaikia mwezi mzima.

Nimeitoa. Barua inaanzia ukurasa wa 3, na nimeshachapa maneno yake mawili ya kwanza: Ndugu Mhariri.