Jioni yangu kwenye mhadhara Chicago
Jana baada ya kazi nilijikokota hadi kwenye mhadhara wa Chicago Council on Global Affairs, shirika la kujadili mambo ya dunia, baridi ikiniuma masikio. Nilidhani nitakuta mabalozi watupu na suti zao. Kumbe! Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, na swali kali kuliko yote lilitoka kwake. Mada ilikuwa ushuru wa forodha. Akauliza: ukipanda, anayelipa ni nani, nchi inayouza au mimi ninayenunua? Mzungumzaji akakiri kwamba anayetoa hela forodhani ni mwagizaji wa ndani, naye mara nyingi humsukumia mnunuzi mzigo. Mzee akatikisa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa analijua jibu tangu nyumbani.

Shirika hili lilianza 1922, Wamarekani wengi wakiwa wamechoshwa na vita na wanataka kujifungia kwao. Tangu 1974 linawauliza raia wa kawaida maoni yao kuhusu sera ya nje. Hilo nalipenda kuliko mihadhara yenyewe (mingine huleta usingizi, tusidanganyane).

Swali langu sikuliuliza. Muda uliisha nikiwa bado nalipanga kichwani. Nimeliandika kwenye simu, safari ijayo nakaa mstari wa mbele.