Makengeza ya Mwanangu na Karafuu za Msimu Ule

Mwaka 2011, binti yangu wa pili alipokuwa na umri wa miaka sita, nilipanda naye boti katika bandari ya Mkoani, kisiwani Pemba, kwenda Unguja, na kutoka hapo tukavuka hadi Dar es Salaam ili akafanyiwe upasuaji wa makengeza. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeelekea puani tangu hajatimiza mwaka. Nilipompeleka kliniki niliambiwa kwamba litanyooka lenyewe, na mama mkwe wangu akasema ni urembo wa mtoto, nami nikatulia. Ni kweli kwamba macho ya mtoto mchanga huweza kutangatanga miezi ya mwanzo, lakini yakiendelea hivyo baada ya miezi minne mtoto anastahili kupimwa, na hilo hakuna aliyepata kuniambia.

Daktari alimmulika tochi, kisha akaniita nitazame. Katika jicho la kulia nukta ya mwanga ilikaa katikati ya mboni. Katika la kushoto ilikuwa imesogea upande wa sikio. Alinieleza kwamba kila jicho huendeshwa na misuli sita, na kwamba wa upande wa pua angeurudisha nyuma ulegee, na wa upande wa pili angeufupisha. Kilichoniumiza ni maneno yaliyofuata: upasuaji ungelinyoosha jicho lakini usingelirudishia nguvu ya kuona, kwa kuwa ubongo ulikwisha kuzoea kuipuuza picha yake, na mazoezi ya kuuzoesha upya huwa magumu mno mtoto akishapita miaka saba au minane.

Usiku ule wodini kina mama tulitajiana umri wa watoto wetu. Wengi walikuwa wameshapita miaka minane, na wawili walikuwa wasichana wakubwa walioletwa kwa sababu wazazi walianza kufikiria posa. Mmoja tu alikuwa na mtoto wa mwaka na nusu. Mama huyo mwenyewe alikuwa na makengeza tangu utotoni, akajua la kufanya. Huyo nilimwonea wivu wa dhati, na hadi leo naamini kwamba tunawahi pale sura inapotutia wasiwasi, si pale uoni unapopotea.

Mwanangu alipigwa nusu kaputi asubuhi, na hakukawia kutoka. Weupe wa jicho ulikuwa mwekundu kama basibasi mbichi, lakini lilitazama mbele.

Tulirudi Pemba na vibandiko vya kuliziba jicho la kulia, saa kadhaa kila siku, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Alilia sana wiki ya kwanza. Ulikuwa msimu wa karafuu, nikamkalisha mkekani achambue nasi. Mwanzo alizitenga karafuu na vikonyo kwa kupapasa. Skuli zilipokaribia kufunguliwa aliniita, akaninyooshea kikonyo kimoja kidogo kilichonipita katika fungu langu mwenyewe.