Siku yangu moja: madafu, baiskeli na mbu wa mchana

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana ya alfajiri inanikuta macho wazi. Mke wangu anapapasa kona za chandarua kutafuta mbu aliyelala nasi ndani. Huyu wa usiku ana madhara yake, malaria na matende si maneno madogo Pwani, lakini usiku tuna chandarua na kila mtu mtaani ashaambiwa akitumie. Anayenisumbua mimi ni yule wa mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Anatoka ninapotoka, anaumwa njaa ninapofungua kazi.

Usiku vuli ilipiga kweli. Leo ni Jumatatu, siku yangu ya kusugua mapipa. Hapa Kisauni, Mombasa, maji ya mfereji huja yakipenda, kwa hiyo hakuna nyumba isiyo na pipa, ndoo na mitungi ya akiba. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hatagi ndani ya maji, hubandika mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji yanapoishia. Pipa likikauka mayai husubiri, hata miezi, na siku utakayojaza tena yanaanguliwa. Basi nachukua burashi ngumu na sabuni, nasugua ukingo wote kwa ndani. Maji siyamwagi, nani atamwaga maji Kisauni? Nayachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, viluwiluwi wakibaki kwenye kitambaa nawakung'uta kwenye mchanga mkavu. Halafu nafunika pipa kwa kitambaa kingine na kukaza kwa mpira wa baiskeli. Katika joto letu, siku saba hadi kumi zinatosha yai kuwa mbu anayeruka. Ndiyo sababu nasugua kila wiki na sibadilishi siku.

Saa kumi na mbili na nusu

Kongowea sokoni. Malori ya Kilifi na Kwale yameshashusha. Nachagua madafu 40, nagonga moja moja, natikisa na kusikiliza. Lililoanza kuwa koroma nalirudisha. Kabla ya kupakia nampitia fundi, tairi la nyuma limeisha meno. Anatia jipya, lile kuukuu nalifunga kwenye keria nikijua nitalikata kamba za kufungia mizigo. Pembeni mwa banda lake kuna rundo la matairi, na mvua ya jana imo ndani yake yote. Namwambia, fundi, toboa matundu kwa chini au yaweke kivulini chini ya bati. Anaitikia. Kesho nitapita tena kuangalia.

Ninaponyonga baiskeli mbu hawanipati. Mbu si ndege wa mbio, hata mwendo wangu wa mzigo, ule wa kupanda mlima kwa kutweta, unamwacha nyuma. Ubaya uko kwenye kusimama. Mtu aliyenyonga anapumua kwa nguvu, anatoka jasho, mwili una moto, na hayo matatu ndiyo yanayomwita mbu jike. Dume haumi, hula utamu wa maua. Kwa hiyo mwenye baiskeli akisimama kivulini kuvuta pumzi amejitangaza yeye mwenyewe.

Saa mbili asubuhi

Kituo changu ni chini ya mkungu, kando ya barabara Nyali. Kivuli kizuri, wateja wanakipenda, na mbu wa mchana anakipenda zaidi. Saa hizi za asubuhi, na tena kabla ya magharibi, ndizo anazouma kwa hamu. Haji masikioni kupiga kelele. Huja chini, kwenye kifundo cha mguu na nyuma ya goti, ukistuka ameshashiba.

Nimejifunza kuvaa. Suruali ndefu ya kaki iliyopauka, soksi ninazivuta juu ya ncha za suruali, shati jeupe la mikono mirefu. Nguo nyeusi niliacha, zinamvutia. Halafu kuna dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, ile yenye DEET. Hapa kazi yangu ina shida ambayo mwendesha baiskeli mwingine hana: mkono huu ndio unaoshika panga na kukata dafu la mteja. Dafu likinuka dawa, mteja harudi. Basi napaka miguuni na shingoni kabla sijagusa dafu hata moja, nanawa kwa sabuni, nasugua viganja kwa ndimu, ndipo nafungua. Saa tano narudia vilevile, kwa sababu jasho huiosha dawa. Asubuhi mke wangu hunipa pia shada la kivumbasi nikalifunga kwenye usukani. Harufu yake naipenda na bibi yangu aliutegemea huo mmea maisha yake yote, lakini peke yake hautoshi kwa mtu anayeshinda nje.

Nina sababu ya kujishughulisha hivi. Mwanzo wa mwaka 2018, homa ya chikungunya ilipotapakaa Mombasa, nilianguka papa hapa chini ya mkungu. Homa ilinipanda kwa saa chache, viungo vikakaza, vidole havikufumba panga. Zahanati moja ilinitibu malaria mara mbili bila kupata malaria yoyote kwenye damu. Homa iliondoka baada ya siku chache, magoti hayakuondoka nayo. Miezi minne sikunyonga baiskeli. Niliisukuma kwa mkono kutoka Kongowea na madafu 10, na nyumbani tukala kwa madafu 10.

Jirani yetu ni Mmakonde, kwao Kwale, mmoja wa wale waliotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho. Alipokuja kunijulia hali alinitazama ninavyoinuka kitandani, akasema, "Hilo jina ni la kwetu." Chikungunya kwa Kimakonde ni kukunjika, mtu anavyojikunja kwa maumivu. Ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952, kusini mwa Tanganyika, katika nchi ya Wamakonde. Sisi Waswahili nasi tuna jina letu kwa nduguye, dengue, ambayo huitwa kidingapopo. Mbu ni mmoja kwa zote mbili, Aedes aegypti.

Saa saba mchana

Jua limesimama, mbu wamelala kwenye majani. Wali wa nazi, samaki, usingizi wa dakika 20. Madafu 23 yameshakwenda.

Saa tisa

Naelekea kisiwani, na njiani nasimama kwa kijana anayeuza karibu na daraja la Nyali. Nyuma yake kuna kilima cha maganda, mengine nusu bakuli yaliyoliwa nyama na kuachwa yametazama juu.

"Salaam aleikum, Ami."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Haya ni ya tangu lini?"

"Ya tangu Jumanne ile. Gari la taka halijapita."

Nainua bakuli moja, namimina taratibu kwenye kiganja. Wanajinyonganyonga.

"Si wadudu wa maji tu hawa?"

"Ni mbu. Kesho kutwa wanaruka, na wa kwanza kuumwa ni wewe, wa pili ni mteja wako."

Amenyamaza. Kisha anauliza nyumbani atayabeba na nini, na swali lake ni la haki. Najibu kwamba asubuhi keria imejaa, jioni inarudi tupu. Na yale yasiyobebeka, yapasue vipande vinne badala ya viwili, kwa maana kipande cha robo hakina tumbo la kushika maji. Tunachukua mapanga, tunapasua pamoja hadi kilima kinakwisha. Kazi ya nusu saa. Nimepoteza wateja wawili watatu, na sijutii.

Sisi wauza madafu twalia mbu na huku twamfuga. Hili linaniuma kuliko kuumwa kwenyewe. Kaunti ina lawama yake, mitaro imeziba, lakini ganda lililoko mguuni pangu nimelikata mimi.

Saa kumi na mbili jioni

Mama Ngina, bustani ya ufukoni kisiwani. Watu wamejaa, mihogo inakaangwa, watoto wanakimbia chini ya mibuyu. Miezi ya kusi upepo wa bahari hupiga hapa hadi mbu hana pa kushika. Sasa ni tanga mbili, kusi imekwisha na kaskazi haijakaa, hewa imetulia, na mbu wanatumia nafasi. Hata mashimo ya ile mibuyu hukusanya maji ya mvua. Mteja mmoja, mama aliyekuja na mtoto mchanga, namwomba asogee upande wa ukingo ambako hewa inapita, na ampandishie mtoto soksi. Ananishukuru, ananunua mawili.

Dafu la mwisho linakwenda saa moja na robo. Maganda yote nayatia kwenye magunia. Mama muuza mihogo ananunua yaliyokauka kwa kuni, mabichi narudi nayo nyumbani yakakauke juani, yamefudikizwa.

Saa mbili usiku

Narudi juu ya daraja la Nyali, harufu ya mikoko inapanda kutoka chini, shati linapepea. Hakuna anayeniuma. Hapa ndipo ninapofurahia baiskeli kuliko mahali popote.

Nyumbani tunakula, watoto wanapanga maganda kifudifudi kwenye bati kuukuu, mdogo anapita kukagua na kugeuza moja lililokosewa. Tunaingia ndani ya chandarua, mke wangu anakaza ncha chini ya godoro.

Saa tano mvua inaanza tena juu ya mabati. Nasikiliza, nahesabu kichwani: mapipa yamefunikwa, maganda yamelala. Halafu nakumbuka lile tairi kuukuu nililoshusha kwenye keria, bado limeegemea ukuta wa choo.

Nafunua chandarua, natafuta tochi, natoka.